Urafiki wa mabinti usivunjwe, ufunguliwe dirisha

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, walinena wahenga. Methali hii tumewafunza wanafunzi wetu tangu shule ya msingi, tumewatahini kwayo katika insha, na tumewatuza alama nzuri waliotunga visa vya kuvutia kuihusu. Hata hivyo, siku methali hiyo ilipotoka daftarini na kuingia bwenini, baadhi yetu walimu tuliikimbia. Mimi ni mmoja wao. Kwa hivyo msomaji aniwie radhi iwapo makala haya yataanza kwa ungamo kabla ya kufika kwenye hoja.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mwalimu wa darasa katika shule moja ya bweni ya wasichana, walikuwapo wanafunzi wawili wa Kidato cha Pili ambao hawakuwa wakiachana. Walikaa deski moja, wakapanga foleni ya chakula pamoja, na kila baada ya masomo ya jioni walionekana wamejikunyata kwenye ngazi za bweni wakinong'onezana hadi taa zilipozimwa. Mmoja alikuwa mrefu, mpole, mpenzi wa hisabati. Mwenzake alikuwa mfupi, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kulia. Alama zao zilianza kuteremka. Matroni akaripoti kwamba walikuwa wakilia usiku. Kikao kikaitwa. Mwalimu mmoja akasema kwamba wanaharibiana. Mwingine akadokeza kuwa urafiki wa namna hiyo si wa kawaida. Wa tatu akauliza kama watoto hawa hawana wazazi wa kuwafunza. Hapana hata mmoja wetu aliyeuliza walikuwa wakilia nini. Dakika kumi zilitutosha: yule mrefu akahamishiwa darasa jingine na bweni jingine, na wote wawili wakaonywa wasionekane pamoja. Nami nilitia sahihi.

Baada ya wiki chache, yule mrefu aliacha kula vizuri. Aliacha kuinua mkono darasani, hata katika somo la hisabati. Akawa anasinzia mchana na kukesha usiku. Tuliona huo ni ukaidi wa msichana aliyekatazwa jambo. Kabla ya muhula kwisha, mama yake alikuja kumchukua, na huko hospitalini ikabainika kwamba mtoto alikuwa mgonjwa wa sonona. Alipoteza mwaka mzima wa masomo. Aliporejea, nilimwita tukakaa chini ya mti nje ya afisi ya walimu, nikamwomba msamaha. Alinijibu kwa upole maneno ambayo hayajanitoka akilini: "Mwalimu, zamani tulikuwa tukilia wawili. Mlipotutenganisha, nililia peke yangu." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza: "Lakini hata tulipokuwa wawili, hatukupata kuacha kulia."

Kauli ya kwanza ilinihukumu, na nilistahili. Ni ya pili iliyonifanya niketi na kufikiri. Kwa muda mrefu tumegawanyika makundi mawili kuhusu jambo hili. Wako wanaouona ukaribu wa wasichana wawili kuwa maradhi ya kukatwa kwa kisu, na wako wanaoamini kwamba msichana akishakuwa na rafiki wa chanda na pete, basi yu salama, hahitaji mtu mwingine. Rai yangu ni kwamba makundi yote mawili yamekosea. Urafiki wa karibu ni kinga kubwa dhidi ya sonona, lakini urafiki uliofungwa milango na madirisha, ambamo wawili huvuta hewa moja ya huzuni usiku na mchana, waweza kuizidisha huzuni ile ile uliokusudiwa kuiponya. Dawa yake ni kufungua dirisha, na wala si kuivunja nyumba.

Kwanza tuafikiane kuhusu maradhi yenyewe. Sonona si uvivu, si deko, wala si pepo. Kila binadamu hupatwa na huzuni, nayo hupita kama wingu. Sonona ni huzuni inayokaa, au hali ya kutopendezwa na lolote, ambayo hudumu takriban siku nzima, karibu kila siku, kwa muda wa wiki mbili au zaidi, ikiandamana na mambo kama vile kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kupoteza hamu ya chakula, uchovu usio na sababu, kushindwa kumakinika, kujilaumu, na pengine kutamani kufa. Kwa vijana, haiji kila mara ikiwa imevaa machozi. Mara nyingi huja kama hasira, kama maumivu ya kichwa na tumbo yasiyoonekana na daktari, au kama alama zinazoporomoka. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa kijana mmoja katika kila saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili la aina moja au nyingine, na sonona ni miongoni mwa matatizo makuu. Makadirio hayo ni ya dunia nzima, lakini hebu mwalimu ajaribu kuyapeleka darasani mwake: katika wanafunzi 49, wastani wake ni saba.

Jambo la pili linahusu wasichana hasa. Kabla ya kubaleghe, wavulana na wasichana huugua sonona kwa viwango vinavyokaribiana. Kuanzia umri wa miaka 12 au 13 hivi, mizani huanza kuinama, na katikati ya ujana wasichana wanaougua huwa takriban maradufu ya wavulana. Wataalamu wametoa sababu nyingi, nazo hazipingani: mabadiliko ya mwili, kunyanyaswa na kudhulumiwa kimapenzi, na mzigo wa kazi za nyumbani ambao kaka zao hawautwiki. Aidha, wasichana wengi hulelewa tangu utotoni wajipime kwa uhusiano wao na watu. Mvulana aliyegombana na rafiki yake huenda akaumaliza ugomvi uwanjani. Msichana wa umri uo huo huweza kuuona ugomvi kama huo kuwa hukumu juu ya thamani yake. Uhusiano ukiwa mwema humnyanyua juu sana, na ukiharibika humwangusha kutoka kimo hicho hicho.

Kwamba mtu wa siri ni kinga, hilo si la kubahatisha. Mwaka 1978, wanazuoni wawili wa Uingereza, George Brown na Tirril Harris, walichapisha kitabu kuhusu chanzo cha sonona katika maisha ya watu, baada ya kuwachunguza wanawake wa mtaa wa Camberwell jijini London. Waligundua kwamba mwanamke aliyepatwa na msiba au mkasa mzito alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua iwapo hakuwa na mtu wa karibu wa kumfungulia moyo. Masaibu ni yale yale. Aliyekuwa na pa kuyatua alistahimili zaidi. Wanawake hao walikuwa watu wazima, lakini sidhani yuko mwalimu wa bweni atakayeshangaa kusikia kwamba kanuni hiyo inamfaa pia mtoto wa miaka 14 aliyeachwa langoni na sanduku la bati, godoro na ndoo, asimjue mtu hata mmoja.

Hapa ndipo tulipokosea katika kikao chetu. Tulimnyang'anya mtoto fimbo aliyokuwa akiiegemea kwa sababu tu alikuwa akichechemea. Tulisema: wanalia kwa kuwa wako pamoja. Haikutupitikia kwamba walikuwa pamoja kwa kuwa wanalia.

Hata hivyo, lipo lile neno lake la pili. Wako pamoja, wanapendana, wanaelezana kila kitu. Mbona huzuni haipungui?

Jibu moja lilitolewa na mwanasaikolojia wa Marekani, Amanda Rose, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2002. Aliwachunguza wanafunzi na urafiki wao, akaitambua tabia moja ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita kucheua huzuni pamoja. Ng'ombe akishakula majani, huketi kivulini akayarudisha kinywani, akayatafuna tena. Vivyo hivyo marafiki wawili huketi wakalirudisha tatizo lile lile: alisema nini, alimaanisha nini, kwa nini alinitazama vile, na kesho itakuwaje iwapo atarudia. Wanalitafuna leo, wanalitafuna kesho, kila mmoja akimhimiza mwenziwe aeleze zaidi. Tofauti ni kwamba ng'ombe hatimaye humeza, na chakula kikawa maziwa. Marafiki hawa hawamezi wala hawatemi. Rose alikuta kwamba wasichana hufanya hivyo zaidi kuliko wavulana, na kwamba tabia hii huandamana na mambo mawili kwa wakati mmoja: urafiki wa ndani zaidi, na dalili nyingi zaidi za sonona na wasiwasi.

Mwaka 2007, yeye na wenzake walichapisha utafiti mwingine uliowafuata wanafunzi zaidi ya 800 kwa muda wa miezi sita. Wavulana waliokuwa na tabia ya kucheua pamoja walipata urafiki bora, na dalili zao hazikuongezeka kwa sababu hiyo. Kwa wasichana, urafiki uliimarika na dalili za sonona na wasiwasi nazo zikaongezeka. Isitoshe, wasichana waliokuwa tayari na dalili hizo ndio walioicheua huzuni zaidi baadaye. Hilo ni gurudumu: huzuni huwakaribisha wawili pamoja, ukaribu huwafanya waichimbue huzuni, na kuichimbua huizidisha. Ugumu wa kulisimamisha gurudumu hili umo katika utamu wake. Msichana anayelia begani kwa mwenziwe hahisi kwamba anaumia, bali kwamba hatimaye amepata mtu anayemwelewa. Naam, amempata.

Sharti niseme mara moja kwamba hii haimaanishi huzuni huambukiza kama homa ya mafua. Watafiti wa Uingereza waliochunguza takwimu za wanafunzi wa shule za upili nchini Marekani walitangaza mwaka 2015 kwamba kuwa na marafiki wenye sonona hakukuonekana kumfanya mwanafunzi augue sonona. Walichokiona ni kwamba kuwa na marafiki wengi walio wachangamfu na wenye afya ya moyo kulimpunguzia aliye mzima hatari ya kuugua, na kukamwongezea mgonjwa uwezekano wa kupona. Utafiti wao wa mwaka 2017 uliongeza kwamba hali ya unyonge huweza kuenea kidogo baina ya marafiki, ingawa si kwa kiasi cha kumfikisha mtu kwenye ugonjwa. Kwa hiyo, mwalimu anayemwambia msichana mzima amwepuke mwenziwe mgonjwa anamdhuru mgonjwa bila ya kumfaa mzima. Msichana mwenye huzuni anahitaji watu zaidi wanaomzunguka.

Hatuwezi kuzungumzia uhusiano wa karibu tukanyamaza kuhusu mapenzi, maana wanafunzi wataniona mnafiki. Mwaka 2000, watafiti Kara Joyner na Richard Udry walichapisha matokeo ya kuwafuatilia maelfu ya vijana wa Marekani. Vijana walioingia katika mapenzi katika kipindi hicho waliongezewa dalili za sonona kuliko wale wasioingia, na ongezeko la wasichana lilikuwa kubwa kuliko la wavulana. Kwa wasichana wadogo, sehemu ya sababu ilikuwa kwamba kadiri mapenzi yalivyoanza, ndivyo uhusiano wao na wazazi ulivyozorota. Jambo hilo latupasa sisi wazazi tulizingatie. Binti anapompata mvulana, desturi yetu ni kupiga makelele, kumnyang'anya simu na kumwita majina. Kwa kufanya hivyo, tunaufunga mlango wa nyumbani siku ile ile ambayo mlango wa mvulana umefunguka. Mvulana akimwacha, naye atamwacha, binti hana pa kurudi kulia isipokuwa kwa rafiki yake wa deski. Naye huyo yuna miaka 15, na ana yake.

Nasikia tayari pingamizi kutoka kwa wenzangu. Wa kwanza atasema: sisi tulisoma katika bweni, tukala maharage yenye fukusi, tukachapwa, wala hatukuugua hiyo sonona. Ningependa kumjibu kwa adabu kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Wangapi katika darasa letu waliacha shule tukasema ni wavivu? Wangapi tuliambiwa wamerogwa? Ugonjwa usiopewa jina haukosi kuua kwa kuwa hauna jina.

Wa pili atasema kwamba nyuma ya ukaribu huu huwa pana mambo yasiyofaa, na kwamba shule ina wajibu wa kulinda maadili. Kweli, shule ina wajibu huo. Lakini tuhuma si ushahidi, na mtoto anayetuhumiwa kwa jambo asilolitenda mbele ya wenzake huongezewa fedheha juu ya huzuni. Msichana aliyeugua kwetu hakuwa na la maadili. Nilikuja kujua kwamba baba yake alikuwa amepoteza kazi, nyumbani kulikuwa na ugomvi kila likizo, na aliogopa kwamba angerudi siku moja asimkute mama yake. Mwenziwe naye alikuwa amefiwa na nyanya aliyemlea. Haya ndiyo waliyokuwa wakinong'onezana kwenye zile ngazi.

Wa tatu ana hoja yenye uzito kuliko wote. Atasema: mwalimu ana vipindi vingi, ana madaftari ya kusahihisha, ana darasa la wanafunzi 60, na mwalimu wa ushauri nasaha hufundisha masomo mawili kama mwingine yeyote. Msikilizaji atatoka wapi? Hoja hii siipuuzi. Lakini nadhani tumeizoea mno fikra kwamba msikilizaji lazima awe mtaalamu mwenye shahada, aketiye katika afisi yenye kibao mlangoni. Babu na bibi zetu hawakufikiri hivyo.

Katika pwani yetu, msichana aliyevunja ungo hakuachwa na mama yake tu, wala na mashoga zake tu. Alipewa somo, mwanamke mzima wa nje ya nyumba yao, aliyemfunza mambo ya utu uzima na ambaye msichana angeweza kumweleza asiyoweza kumweleza mamake. Upande wa ziwa, wasichana wa Kiluo walilala katika siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee, ambamo walifunzwa kwa hadithi na vitendawili, wakaulizwa na kuuliza. Sidai kwamba mila hizo zilikuwa kamilifu, wala siombi zirudishwe zote kama zilivyokuwa. Katika jando na unyago wa jamii kadhaa yalikuwamo pia ya kumdhuru msichana, na hayo ni heri yamezikwa. Ninachosema ni kwamba wazee walijua jambo tulilolisahau: msichana hulelewa na masikio matatu, la mama, la shoga, na la mwanamke mzima asiye mama. Shule za bweni zimelitwaa sikio la mama kwa miezi tisa ya mwaka. Sikio la tatu hatujalirudisha. Limebaki la shoga peke yake, kisha tunalilaumu kwa kuelemewa.

Nchini Zimbabwe wamelirudisha. Mwaka 2006, daktari wa maradhi ya akili aitwaye Dixon Chibanda alianza katika kitongoji cha Mbare, jijini Harare, mpango wa kuwafunza nyanya kumi na wanne wa mtaani namna ya kuwasikiliza watu wenye huzuni wakiwa wameketi kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Kwa Kishona, maradhi hayo yana jina, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Nasi wa huku husema fulani "ana mawazo," maana ikawa ile ile. Bibi hasikilizi tu akatikisa kichwa na kulia pamoja na mgeni wake. Humsaidia kwanza kufungua moyo na kuyataja matatizo yake yote, kisha kulichagua moja tu, halafu kutafuta hatua ndogo anayoweza kuitekeleza kabla hawajaonana tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliowahusu watu wazima zaidi ya 500, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi hilo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma za kawaida.

Tazama, msomaji, tofauti baina ya benchi la Mbare na zile ngazi za bweni letu. Kwote kuwili watu wawili wanaketi na kuzungumza kuhusu huzuni. Kwenye ngazi mazungumzo yalizunguka. Kwenye benchi yanasonga mbele. Kisa kilipokwisha kusimuliwa mara moja, bibi huuliza: sasa tufanye nini? Msichana wa miaka 15 hajafunzwa kuuliza swali hilo, lakini anaweza kufunzwa.

Wala hatuna haja ya kuvuka mipaka kutafuta uthibitisho. Hapa Kenya, kijana Mkenya Tom Osborn na wenzake walibuni mpango wanaouita Shamiri, neno letu wenyewe lenye maana ya kustawi. Walichukua vijana waliotoka tu kumaliza shule ya upili, wakawapa mafunzo mafupi, wakawaweka waongoze vikundi vidogo vya wanafunzi waliokuwa na dalili za sonona na wasiwasi. Vikundi vilikutana mara moja kwa wiki, kwa wiki nne, vikizungumzia jinsi mtu anavyoweza kubadilika na kukua, mambo ya kushukuru maishani, na yale wanayoyathamini. Matokeo ya utafiti uliowahusu wanafunzi zaidi ya 400 yalichapishwa mwaka 2021: waliohudhuria walipungukiwa na dalili kuliko wenzao waliopewa mafunzo ya mbinu za kusoma. Hawakuwa na kliniki. Walikuwa na kikundi, mkubwa kidogo kwa umri wa kukiongoza, na mazungumzo yenye mwelekeo.

Basi tufanyeje? Kwenu ninyi mabinti, sitawaambia muache kusimuliana. Endeleeni. Lakini jifunzeni kujiuliza: jambo hili tumelizungumza mara ngapi, na tangu tulipoanza limebadilika nini? Mkiona mnalicheua, inukeni mkatembee uwanjani, mkafue, mkacheze mpira wa wavu, kisha mrudi mkiwa na swali la bibi wa Mbare. Mwongezeni mtu wa tatu katika duara lenu. Na iko siri moja ambayo rafiki hapaswi kuitunza kamwe: mwenzako akikwambia kwamba anatamani kufa, mwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyo hiyo, hata kama umeapa. Pengine ulikuwa ukiogopa kwamba atapelekwa polisi. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya jaribio la kujitoa uhai kuwa kosa la jinai, kwa msingi kwamba kinakiuka Katiba. Mwenzako ni mgonjwa, si mhalifu. Na mkikosa mtu mzima wa karibu, nambari ya simu ya watoto ni 116, nayo haitozi malipo. Akikasirika nawe kwa kumtoboa siri, atakuwa hai wa kukasirika.

Kwenu walimu wenzangu, naomba mambo matatu. Kwanza, kabla ya kuwatenganisha wasichana wawili, waulizeni wanalia nini. Swali hilo halihitaji bajeti wala waraka kutoka wizarani. Pili, kazi ya ushauri nasaha iondolewe mikononi mwa yeyote anayeketi katika kamati ya nidhamu. Hapana mtoto atakayemfungulia moyo jioni mtu atakayempa barua ya kufukuzwa asubuhi. Ikiwa mwalimu hana nafasi, wako matroni, wako wapishi, wako wanafunzi wa zamani wanaosubiri kujiunga na vyuo. Wachache wao wapewe mafunzo, na wapewe benchi chini ya mti. Tatu, desturi ya kumpa kila mwanafunzi mgeni "mama" wa darasa la juu iendelezwe chini ya uangalizi, isiachwe iwe njia ya kuwafulisha wadogo nguo za wakubwa. Ikitunzwa, hilo ndilo somo tulilobakishiwa.

Na kwetu wazazi: siku ya kuwatembelea watoto, tuiweke karatasi ya matokeo mkobani hadi chakula kiishe. Tumuulize binti rafiki yake ni nani, na tumwombe amlete tule naye. Kuna mengi ambayo binti hawezi kumwambia mama yake, lakini mwenziwe atayasema kwa macho.

Yule msichana mrefu alimaliza Kidato cha Nne, mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Siku ya mwisho alikuja kuniaga, akiwa ameandamana na yule mfupi, aliyesafiri kutoka kwao ili amsaidie kubeba sanduku. Waliondoka wakiwa wamelishika kila mmoja upande wake, wakicheka jambo ambalo sikulisikia. Nilisimama langoni hadi walipopata matatu. Karatasi ile niliyoitia sahihi bado imo katika faili ya shule hiyo, na jina langu liko chini yake.